Mguu Chini ya Namba Saba

Kabla ya kwenda chuoni, Nekoye binti Barasa hakuwa amegusa mpira wowote isipokuwa ule wa majani makavu ya migomba walioufunga kaka zake, na hata huo waliucheza wao na kumfukuza yeye. Mwili wake haukujengwa na michezo. Ulijengwa na Navakholo. Tangu alipoweza kushika jembe alilima, alisaga wimbi juu ya jiwe la nyanya yake mpaka mabega yakapanuka kama ya mwanamume, na mtungi wa maji aliubeba kichwani bila kuushika huku akigombana na wenzake njia nzima. Wasichana wa siku hizi wanafungua mfereji na kulalamika kwamba mfereji uko mbali na mlango.

Alikuwa mpole. Hilo lazima lisemwe mapema, kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya. Mama yake Teresa, aliyezaliwa Mayoni kwa mzee Osundwa, alimlea kwa adabu za kwao: mkubwa apite kwanza, mgeni aulizwe alikotoka kabla ya kuulizwa anachotaka, na mtu asimguse mtu asiyemjua.

Bendera ilipokwisha kubadilishwa, Nekoye alipata nafasi katika chuo cha ualimu cha wasichana, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Huko alivaa viatu vya raba kwa mara ya kwanza maishani, na huko mwalimu wa michezo akamwona akiwa amebeba meza ya mbao peke yake kutoka bwenini hadi jikoni.

"Wewe," mwalimu akamwita. "Unaitwa nani?"

"Nekoye, Mwalimu."

"Weka meza chini, Nekoye. Kesho jioni uje uwanjani."

Mwalimu huyo aliitwa Philemon Shitanda, kijana wa Isukha aliyekuwa amesoma ng'ambo. Alirudi na sweta yenye herufi kubwa kifuani na mchezo wa mpira wa kikapu, na vyote viwili alivivaa hata jua likiwaka. Chuo kilikuwa na mchezo wake wa wasichana, netiboli, ambao ukimkaribia mwenzako kupita kiasi filimbi inalia. Shitanda aliudharau.

"Ule ni mchezo wa kupelekeana chai," aliwaambia wasichana. "Huu ni mchezo wa watu waliojitawala."

Uwanja ulikuwa sakafu ya saruji ya bohari lililobomolewa. Nguzo zilikuwa za mkaratusi, na vikapu ni pete za chuma zilizofuliwa na fundi wa mjini. Nekoye hakujua kufunga na hakujifunza kamwe. Mpira ukitoka mkononi mwake ulikwenda kama jiwe la kufukuzia nyani. Mwenzake Sellah, aliyekuwa mfungaji mkuu, alikuwa akipiga kelele, "Jamani, inameni, Nekoye anatupa!" na uwanja mzima ukainama kwa kicheko. Lakini hakuna aliyempita Nekoye. Ukija kulia yupo, ukija kushoto yupo, na ukimgonga ni wewe unayekaa chini.

Shitanda aliliona hilo akaacha kumfundisha kufunga. Alimfundisha mambo mengine.

"Refa anaangalia nini?" alimuuliza.

"Mpira, Mwalimu."

"Na baada ya mpira?"

"Mikono."

"Basi mikono yako iwe ya malaika. Iinue juu, ionekane na kila mtu. Kazi ifanye kwa kiuno, kwa paja na kwa mguu. Sheria imekupa faulo nne, ya tano ndiyo inayokutoa. Hizo nne ni zako. Mchezaji anayemaliza mchezo bila faulo hakufanya kazi."

Akamwonyesha namna ya kuegemeza kiuno ili mwenye mpira apoteze mwendo, na namna ya kubana sketi ya mpinzani kwa goti. La mwisho alilomwonyesha lilikuwa baya kuliko yote. Mtu anayeruka ili atupe mpira lazima atue, na akiwa hewani hawezi tena kubadili njia. "Weka mguu wako mahali atakapotua," alisema Shitanda, "halafu simama kama mtu aliye kanisani."

Nekoye alifanya alivyoambiwa. Kwao mwalimu alikuwa mtu wa kusikilizwa. Wakati ule bado tuliamini kwamba mtu aliyesoma sana hawezi kufundisha ubaya.

Jambo moja tu lilimkera. Nyumbani, vijana waliposhikana mieleka baada ya mavuno, hawakushikana kimya kama mbwa. Kila mmoja alisimama mbele ya watu akataja ukoo wake, ukoo wa mama yake, na nyumba walikotoka nyanya zake wote wawili. Majina yakigongana, vijana walicheka, wakapeana mkono, wakatafutiwa wapinzani wengine. Hakuna aliyeona ni kupoteza muda. Damu ya ndugu haikuwa kitu cha kumwagwa kwa mchezo, na hakuna aliyeweza kujua nani ni ndugu bila kuuliza.

Kwa hiyo, siku ya shindano lake la kwanza na chuo kingine, Nekoye alikwenda upande wa wageni, akampa mkono msichana aliyepangiwa kumkaba, akaanza kumuuliza mama yake ni wa ukoo gani. Shitanda alimvuta kwa mkono wa blauzi mpaka kando.

"Unafanya nini? Unatafuta mchumba?"

"Nauliza tu, Mwalimu. Tusije tukawa..."

"Mkawa nini? Ukimjua mtu, mwili wako utalegea. Wale hawana ukoo. Wana namba. Umeona namba yake?"

"Nimeona. Kumi na moja."

"Basi huyo ndiye Kumi na Moja. Mambo ya ukoo yaache hukohuko kwenu."

Tangu siku hiyo Nekoye hakuuliza tena.

Mwaka wake wa pili ndipo ilipokuja timu kutoka upande wa Eldoret kushindania kikombe. Watu wa mjini walijaa pembeni mwa uwanja: makarani, wauza duka, wanafunzi, hata wanawake waliotoka sokoni na vikapu vyao. Miongoni mwa wageni alikuwako msichana mrefu, mwembamba, mwenye namba saba mgongoni, aliyeruka kama mtu anayechungulia juu ya ua wa jirani, na kila aliporuka mpira uliingia. Shitanda akamnong'oneza Nekoye, "Huyo ni wako."

Nekoye alimganda. Namba Saba alikuwa na mdomo.

"Wee mama jembe," alisema huku akihema, "umenikanyaga."

"Nikikukanyaga utajua."

"Refa! Huyu ananishika sketi!"

"Mikono yangu iko juu, huoni?" Nekoye akasema, na kweli ilikuwa juu.

"Ai! Hata atakayenioa hatanikumbatia namna hii!"

Waliokuwa karibu waliangua kicheko, na Nekoye mwenyewe akacheka. Mahali pengine wangekuwa marafiki. Lakini Namba Saba aliendelea kufunga, na Nekoye tayari alikuwa na faulo nne. Timu yake ilikuwa inazidiwa. Alipotazama pembeni, Shitanda alikuwa akimwangalia. Alinyoosha kidole kuelekea chini, kwenye sakafu.

Namba Saba aliruka. Nekoye aliinua mikono yote miwili, wazi kabisa, na akapeleka mguu wake mbele.

Sauti ya goti lile ilisikika mpaka kwa wanawake wenye vikapu. Msichana alianguka kwenye saruji, mguu umegeukia kusikofaa, mfupa umetoboa ngozi na damu ikikimbia kwenye ufa wa sakafu. Hakumwita mama yake. Alilia kama wanavyolia watu wa nyumba zinazojua zilikotoka, akamtaja aliyeanzisha nyumba yao.

"Kuka Osundwa!" alipiga kelele. "Kuka Osundwa wa Mayoni, nakufa!"

Refa alipuliza filimbi ili mchezo usimame, si kwa sababu ya faulo. Faulo hakuiona.

Nekoye alibaki na mikono juu. Kuka ni babu, na Osundwa wa Mayoni alikuwa babu yake yeye, baba yake Teresa. Alimwendea msichana mmoja wa timu ya wageni akamuuliza, "Huyu ni binti ya nani?"

"Beldina? Ni wa Patroba, wa Lugari. Niondokee hapa."

Patroba alikuwa mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na Teresa. Aliondoka Mayoni kijana mdogo kwenda kufanya kazi katika shamba la Mzungu upande wa Kitale, akaoa huko, akazaa huko, na Wazungu walipoanza kuondoka akapata shamba Lugari. Watoto wake aliwaleta nyumbani mara chache sana. Nekoye aliwajua kwa kusikia tu.

"Nekoye!" Shitanda aliita. "Usiangalie. Rudi mahali pako, mchezo unaendelea."

Wakamaliza mchezo, wakashinda, wakapewa kikombe. Nekoye alipomfuata Shitanda baadaye na kumweleza yule alikuwa nani, mwalimu alikunja uso kama mtu aliyesomewa hesabu isiyomhusu.

"Faulo ilipigwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi hakuna kosa. Ajali ni ajali. Wewe ni mwalimu mtarajiwa, Nekoye, usiniletee mambo ya wazee."

Mguu wa Beldina uliungwa lakini goti halikukunjika tena. Aliacha chuo akarudi Lugari. Teresa, alipopata habari hizo kwa mdomo wa binti yake, hakupiga kelele. Alivaa kitenge, akaenda kwa miguu mpaka Mayoni kumwambia baba yake mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu.

Mzee Osundwa alimsikiliza akiwa amesimama kwenye mwingilio wa boma, na Teresa nje.

"Simama hapohapo ulipo, mwanangu," alisema. Hakukasirika. "Damu imemwagika kati ya nyumba yako na nyumba ya kaka yako. Unajua inavyokwenda."

Teresa alijua. Angeletwa kondoo. Wasichana wawili wangeketishwa kwenye ngozi moja, wanawake wazee wangepaka taka za tumbo la kondoo mguu uliovunjika na mguu uliovunja, kisha wangekula obusuma kwenye ungo mmoja, ugali uleule, kwa mikono yao. Baada ya hapo wangekuwa ndugu tena na hakuna ambaye angeruhusiwa kulitaja jambo lile. Kabla ya hapo, Teresa asingevuka mwingilio wa baba yake, wala kitu kilichopikwa nyumbani kwake kisingeingia. Haikuwa adhabu. Lilikuwa zindiko, ili ile damu isimwite mwingine wa nyumba hiyo.

"Itachukua siku chache tu," Osundwa alimwambia. "Mlete kondoo, na kaka yako amlete mtoto."

Nekoye alikubali mara moja. Aliyekataa alikuwa Patroba.

Teresa alimfuata Lugari, akamkuta kati ya mahindi yaliyopandwa kwa mistari kama Wazungu walivyoacha. Patroba alikuwa ameokoka, na kuokoka kwenyewe kulikuwa kwa wale wasiokunywa hata chai kwa mtu aliyetambika. Alimpokea dada yake vizuri, akamwekea kiti.

"Dada, mimi nimesamehe," alisema. "Nilisamehe siku ileile, kwa magoti. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Sijaingia kwa baba."

"Ingia. Nani anakushika?"

"Neno la baba."

"Baba ni mzee, hajui. Damu ni moja tu iliyomwagwa, na haikuwa ya kondoo. Unataka nimpake binti yangu mavi ya mnyama?"

"Nataka umlete akae na mwenzake, wale pamoja."

"Waje wale hapa. Mke wangu atawapikia."

"Patroba, khotsa ya mtoto wangu," Teresa alisema kwa sauti ya kuomba, akimwita kwa cheo chake cha mjomba. "Kusamehe kwako peke yako shambani kutanifungulia mlango gani?"

Patroba aliinamisha kichwa akamwombea. Aliomba kwa muda mrefu na kwa machozi. Teresa alisubiri mpaka amina, akachukua fimbo yake akarudi Navakholo. Kaka yake hakuwa mtu mbaya. Hapo ndipo penye uchungu. Mkatili ungeweza kumsema mbele ya watu mpaka aone haya. Mtu aliyesamehe utamsema kwa lipi?

Basi Teresa akawa mgeni wa barabarani kwa baba yake. Siku za soko alifika Mayoni, akaketi nje ya ua wa miti hai, na Osundwa akaleta kigoda upande wa ndani, wakaongea wakiwa wametenganishwa na majani.

"Umekula, baba?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Wakati mwingine mzee alimfanyia mzaha. "Ulipokuwa msichana nilikuwekea ua huu usitoroke na vijana. Sasa tazama."

Wapita njia walicheka, kwa maana siku hizo watoto wa shule walikuwa wameanza kuona kitu kama hicho ni kichekesho. Hakuna aliyekuja kuuliza jambo lile lifunguliweje. Zamani wazee wa ukoo wangemfuata Patroba mpaka Lugari na kuketi nyumbani kwake, wasile wala wasilale, mpaka aone aibu. Sasa mmoja alikuwa na duka, mwingine amechaguliwa halmashauri, na mwingine alikuwa na mikutano ya chama.

Nekoye alimaliza chuo akapelekwa kufundisha Ekero. Kila alipopita Mayoni alimwona mama yake kando ya njia, na hakuweza kula siku hiyo. Kisha Osundwa akaugua. Kikohozi chake kilisikika mpaka nje ya ua, na kigoda hakikuletwa tena. Teresa alikuwa akiita tu, "Baba!" na ndani wakajibu kwa niaba yake, "Anakusikia."

Ndipo Nekoye alipoondoka kwenda Lugari mwenyewe, bila kumwambia mtu.

Alimkuta Beldina nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi, mguu umenyooshwa mbele yake. Hawakuwa wameonana tangu uwanjani. Beldina aliinua kichwa.

"Mama jembe," alisema.

"Ni mimi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Baba amekwisha kusamehe."

"Sikuja kwa baba yako. Kuka yuko hoi. Mama hajavuka mlango. Njoo tukae kwenye ngozi, hata kwa siri, hata baba yako asijue. Nitakubeba mgongoni kama gari halipo."

"Unaweza," Beldina alisema, na midomo yake ikataka kucheka lakini haikucheka. "Hebu niambie jambo moja. Ulijua mimi ni nani, siku ile?"

"Sikujua. Naapa kwa jina la kuka, sikujua."

"Na kama ungejua?"

"Nisingeweka mguu. Ningekufa kwanza."

Beldina aliendelea kupukuchua. Punje zilianguka kwenye ungo moja moja.

"Kwa hiyo uliuweka kwa makusudi," alisema.

Nekoye aliutazama mguu ule ulionyooshwa.

"Miaka hii yote wananiambia ilikuwa ajali. Chuo chenu kilisema ajali, baba akasema mapenzi ya Mungu. Sasa wewe unaniambia kwamba ulikuwa mguu wa binti ya mtu mwingine uliotaka kuvunja, ukakosea mtu."

"Mwalimu alinifundisha..."

"Mwalimu alikuwa pembeni, hakuwa uwanjani. Ulikuwa wewe, na ulikuwa unacheka na mimi."

"Beldina, mwanamke yule ni senge yako. Ni dada wa baba yako. Hana kosa."

"Najua hana. Na mimi sikuwa nalo." Aliweka gunzi chini. "Kwenye ngozi ile tunakaa kama ndugu waliogombana. Sisi hatukugombana. Nenda, Nekoye. Mwambie senge namsalimu."

Nekoye alirudi. Alichomwambia mama yake ni kwamba Beldina amekataa. Sababu hakuisema, na Teresa hakuuliza.

Osundwa alizikwa msimu wa mvua ndefu, mbele ya nyumba yake, na watu walijaa boma lote, kwa kuwa alikuwa wa mwisho wa rika lake. Patroba ndiye aliyesimamia ibada. Kabla ya kuanza alitoka mpaka barabarani, Biblia kwapani, suti yake imelowa mabegani.

"Dada, ingia umzike baba. Mzee amekufa, na neno lake limekufa naye."

"Neno la mtu haliondoki hivyo, Patroba."

"Watu wanatazama."

"Watazame."

Nekoye alikuwa amesimama kando ya mama yake, ameshika kamba ya kondoo. Alikuwa amemleta akiwa na tumaini kwamba mbele ya jeneza mtu mmoja atabadilika moyo. Beldina alifika akiegemea fimbo, akishikwa mkono na mama yake. Alisimama mbele ya Teresa.

"Mulembe, senge."

"Mulembe, mwanangu." Teresa alimtazama mguu, akautazama tena. "Unauma?"

"Mvua ikinyesha."

"Pole, mama."

Beldina alishusha macho mpaka kwenye kamba iliyokuwa mkononi mwa Nekoye, akamtazama mwenye kamba usoni. Nekoye aliivuta kamba, kondoo akasogea hatua moja mbele. Beldina akageuka akaingia ndani, fimbo ikididimia kwenye tope.

Waliimba nyimbo za kanisa. Hakuna aliyemlilia Osundwa kwa namna ya Mayoni, kukimbia na kuusifu ukoo, kwa kuwa Patroba alikuwa amekataza. Kisha nyimbo zikakoma na udongo ukaanza kuanguka juu ya mbao. Waliokuwa nje ya ua hawakuuona, waliusikia tu.

Nekoye alitaka kumshika mama yake. Teresa alimsukuma kwa kiwiko, polepole, akainama akachota udongo wa barabara, ule mwekundu uliokanyagwa na kila mtu. Aliurusha kuelekea nyumba ya baba yake kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Haukuvuka ua. Ulipiga majani ukarudi chini barabarani, na mtu mmoja aliyekuwa akiwahi soko akapita juu yake na baiskeli, akawapigia kengele wasogee.